Kona ya Santuri: Ninunue pleya mpya au nitengeneze hii ya mzee?

Barua za safari hii karibu zote zinauliza kitu kilekile, mtu ana pleya ya santuri nyumbani haimridhishi, hajui aitengeneze, aiongezee kitu au aitupe anunue nyingine. Nimechagua 5. Niseme mapema msimamo wangu ili msisome mkashangaa: mi huwa siangalii kwanza pleya ina umri gani wala inapendeza kiasi gani, naangalia inafanya nini kwa santuri. Pleya zinanunuliwa kila siku. Zile santuri ndogo za 45 (zinazopigwa kwa mizunguko 45 kwa dakika) za Nairobi za miaka ya 60 na 70 nyingi hazijawahi kuchapwa tena na zingine hata kanda zake za awali hazijulikani ziko wapi, kwahiyo mashine inayokwangua santuri ndo inaondoka, inayosumbua tu tunaitafutia dawa.

*

*Shikamoo mwandishi. Mzee wetu alifariki akatuachia pleya ya Philips GA 212 na masanduku mawili ya santuri, LP zile kubwa na zile ndogo, kuna Morogoro Jazz, Cuban Marimba, Tabora Jazz na za Wakongo nyingi. Nimeiunga kwenye sabufa tunayotumia na TV, inazunguka vizuri lakini sauti ni ndogo mpaka nifungulie volyumu yote, besi hamna kabisa, kila penye s inachwachwa, alafu nyimbo zinakuwa kama zinalegea zinapanda zinashuka. Fundi mmoja huku kaniambia mota imekufa. Kaka yangu anasema tuiweke kama pambo tununue Audio-Technica AT-LP60X. Nina kama laki 7. Nifanyeje? — Msomaji, Morogoro*

Marahaba, na poleni sana kwa msiba. Usiiweke pambo. Umenitajia matatizo manne na la kwanza na la pili wala si la pleya.

Sauti ndogo na kukosa besi ni kwasababu umeiunga moja kwa moja kwenye sabufa. Sindano ya pleya kama hiyo inatoa umeme mdogo sana, milivolti 4 hivi au 5, wakati simu na dikoda zinatoa mamia ya milivolti, na sabufa yako imetengenezwa kupokea hizo kubwa. Na si udogo tu. Santuri inapochongwa besi inapunguzwa makusudi na zile sauti nyembamba zinaongezwa, maana besi ikiachwa ilivyo mfereji unakuwa mpana mno na upande mmoja wa LP hauwezi kubeba dakika 20 na zaidi, alafu sindano yenyewe ingerukaruka. Tangu 1954 makampuni yakaanza kufuata kipimo kimoja cha kupunguza na kuongeza, kinaitwa RIAA, na kifaa cha kupigia kinatakiwa kirudishe kinyume chake. Amplifaya za wazee wetu zilikuwa na tundu nyuma limeandikwa PHONO, kazi hiyo ilifanyika humo ndani, mzee wenu nina hakika alikuwa na amplifaya ya namna hiyo (itafuteni stoo kabla hamjanunua kitu!). Sabufa haina. Kwahiyo kinachotakiwa ni kiboksi kidogo cha kukaa katikati, prii-ampu ya fono, waulize hivohivo, vya bei nafuu ni dola 20 mpaka 50 na vinafanya kazi.

Sasa angalia jinsi kaka yako alivyotaka kushinda mjadala bila haki: AT-LP60X ina hiyo prii-ampu ndani yake. Mngeinunua mkaichomeka kwenye sabufa ingelia kwa nguvu na besi juu, wote mngesema unaona sasa, ile ya mzee ilikuwa imekufa, kumbe mmelinganisha pleya yenye kiboksi na pleya isiyo na kiboksi. Nimeona pleya nzuri sana zikiuzwa kwa bei ya chupa kwa sababu hii moja.

Sauti kulegea. Hapo kwanza nimjibu fundi: mota iliyokufa haizunguki. Yako inazunguka. GA 212 inaendeshwa kwa mkanda wa mpira, na mpira ukikaa miaka unalegea, unapata mapindo pale uliposimama, mwingine unageuka kama lami. Inua lile sinia, yaani ile sahani inayozunguka ikiwa imebeba santuri, utaona wenyewe. Kabla hujabadili fanya kipimo hiki hakina gharama: bandika kakaratasi pembeni ya sinia, weka santuri na uishushe sindano kabisa maana sindano nayo inavuta, alafu hesabu mizunguko kwa dakika 3 ukiwa na saa ya simu. Kwenye 33 lazima upate mizunguko 100, kwasababu spidi kamili ni 33 na theluthi. Ukipata 97 au 103 andika, badili mkanda, pima tena. Mkanda nunua uliotengenezwa kwa ajili ya modeli hiyo hata kama utausubiri wiki tatu. Usikubali ule wa kukata tyubu ya baiskeli, najua mafundi wetu ni wabunifu na kwenye cherehani unafanya kazi vizuri, ila tyubu ina unene tofauti tofauti na kila unene unapopita kwenye puli ya mota, kile kigurudumu kinachovuta mkanda, spidi inabadilika kidogo, ndo hiyo hiyo sauti ya kulegea unayoikimbia.

Mkanda mpya ukishindwa kumaliza tatizo, hapo ndo uende kwa fundi wa elektroniki. Hiyo Philips ya mwanzoni mwa miaka ya 70 ina mota ya umeme wa DC inayosimamiwa na sakiti, na zile batani za kugusa zinazowaka taa. Kapasita za umri huo zinakauka, na spidi inaanza kutangatanga. Kapasita ni spea ya bei ndogo kuliko soda, ujuzi wa kuchomelea ndo unaolipia. Mwambie tu asibadilishe vile vitaa akaweka LED kwa sababu zinafanana, aangalie kwanza vimeungwa vipi kwenye sakiti.

Inabaki kuchwachwa kwenye s. Hiyo ni sindano, imechakaa au imebeba uchafu. Isafishe kwanza kwa brashi laini kutoka nyuma kuja mbele, yaani uelekeo ambao santuri inakwenda, usisugue kwa kidole na usiende kinyume. Kama haikupona ichukulie imeisha, tena kwa sindano ya urithi ambayo hakuna anayejua ilifungwa lini mi hata sijaribu, nabadilisha. Sindano ya almasi inaishi saa 500 mpaka 1,000 za kupiga. Ukisikiliza LP moja kila siku, dakika 40 pande zote mbili, saa 1,000 ni miaka minne na kidogo. Mzee alikaa nayo miaka mingapi? Sindano iliyokatika kona inachonga kuta za mfereji upya na hiyo haina tiba. Acha kuipiga kuanzia leo mpaka upate nyingine, naomba sana, hasa hizo 45.

Kutafuta sindano ya katriji (kile kichwa kidogo kinachoshika sindano) ya zamani ya Philips utahangaika, badili katriji nzima. Mkono wa GA 212 unapokea katriji za kawaida za skrubu mbili. Mi ningeweka AT-VM95E ya Audio-Technica, huwa kati ya dola 60 na 80, na uzuri wake ni kwamba sindano za familia yote ya VM95 zinaingiliana kwenye bodi ileile, leo una ya kawaida, kesho ukipata pesa unachomoa unaweka yenye ncha ya kisasa zaidi bila kugusa skrubu. Ukishafunga, sawazisha mkono mpaka uelee hewani kama mizani ya dukani isiyo na kitu, weka alama kwenye 0, alafu ongeza mpaka gramu 2. Kuna vimizani vidogo vya elektroniki vya kupimia dhahabu, kanunue kimoja, hakidanganyi. Na karatasi ya kupangia pembe ya katriji ukiiprinti hakikisha haijapunguzwa saizi, pima kwa rula.

Jumlisha: prii-ampu, mkanda, katriji, ni kama nusu ya hiyo laki 7 bila gharama za kusafirisha. AT-LP60X si mashine mbaya, kwa mtu anayeanza bila kitu inamfaa, inapiga na kuzima yenyewe. Lakini mkono wake uzito umefungwa kiwandani, huwezi kupima wala kubadili katriji, unabadili sindano tu basi. Wewe unao mkono unaopangika, kwanini ulipe ili ushuke?

Vitu viwili vingenifanya nibadili mawazo. Toa sinia, shika ule mhimili wa katikati, utikise kushoto kulia: ukicheza kwa kugonga, beringi imekwisha. Alafu mkono ukiwa umeelea kwenye 0, usogeze kwa pumzi tu: ukikwama njiani, au ukiushika taratibu ukasikia unacheza kwenye maungio yake, hapo pleya inakula santuri upande mmoja na kuitengeneza itakugharimu kuliko thamani. Kama vyote viko sawa, endelea.

Na usiiweke juu ya sabufa. Wala juu ya meza moja nayo.

*

*Sasa mwandishi. Mimi niko Kisumu, nilinunuliwa pleya ya sanduku, ile inafungwa kama mkoba, iko na blututhi na spika ndani. Babu yangu alinipatia 45 za benga zaidi ya mia. Zinaruka, hasa besi ikiingia. Rafiki aliniambia niweke bob kumi juu ya mkono na kweli iliacha kuruka. Nataka kujua kama naweza kuiapgredi hii ama nitafute ingine. Niko na elfu kumi na tano. — Msomaji, Kisumu*

Kijana wangu, toa hiyo bob kumi sasa hivi kabla hujamaliza kusoma.

Hizo pleya za sanduku nyingi zina katriji ya seramiki ambayo tangu kiwandani inalala kwenye santuri kwa gramu 5 hivi, zingine zaidi, mahali ambapo pleya ya kawaida inatumia kama 2. Ukaongeza sarafu juu. Iliacha kuruka kwa sababu umeikandamiza ndani ya mfereji kwa nguvu, na kila ikipita inaondoka na kidogo cha zile nota za juu za gita, na benga bila yale magita mawili yanayokimbizana juu kabisa unabaki na nini? Spika nazo ziko sanduku moja na sindano, besi ikipiga zinatikisa mbao, mbao inatikisa sindano, inaruka. Hiyo haiponi kwa kuongeza uzito.

Kuiapgredi hapana. Mkono hauna uzito wa nyuma wa kupanga, katriji imegundishwa, hakuna pa kuanzia. Hata kuibadilisha sindano ya yakuti na kuweka ya almasi kunasaidia sindano idumu tu, uzito unabaki uleule. Hii kwangu ni kesi ya kubadilisha bila mjadala, na sisemi hivo kwa kudharau zawadi, itumie kusikilizia santuri za kujaribu ambazo huna uchungu nazo.

Kwa elfu 15 mpya ya maana ni ngumu, tafuta ya mkono wa pili. Ukienda Nairobi pita Luthuli kwenye maduka ya elektroniki, na Kenyatta Market kuna kibanda cha santuri kinachojulikana, watu wa santuri wanajuana, uliza tu. Unachotafuta: mkono wenye uzito wa kuzungusha nyuma, na kichwa chenye skrubu mbili kinachokubali katriji ya kawaida. Jina lolote la Kijapani la miaka ya 70 na 80 lenye hivyo viwili linatosha, Technics, Pioneer, Sansui, Sony, hata kama haina sindano, tena afadhali isiwe na sindano maana utaweka mpya. Nenda na santuri yako moja unayoijua vizuri, yenye nota ndefu za saksafoni au sauti ya kuimba iliyovutwa, isikilize mpaka mwisho, ikiyumba utasikia. Zima na kuwasha mara mbili tatu. Gusa pleya yenyewe kwa vidole, ukisikia umeme unakuchuna kidogo au mngurumo unabadilika ukiushika mkono, uliza waya wa athi uko wapi, ule mwembamba unaofungwa kwenye amplifaya, mara nyingi umekatwa tu na mtu hakujua kazi yake.

Na ukinunua usiipande nayo matatu ilivyo. Toa sinia, toa uzito wa nyuma, funga mkono kwa kamba laini, kila kimoja kivae nguo yake. Pleya nyingi zinatoka Nairobi zikiwa nzima zinafika Kisumu zikiwa na mkono uliopinda. Kingine kidogo ila muhimu, santuri zenye tundu kubwa katikati zinataka kile kidude cha kujazia tundu, hakikisha unapewa, la sivyo wimbo utayumba ukadhani umeuziwa pleya mbovu.

*

*Habari kaka. Niko Minneapolis, mwakani narudi Mombasa moja kwa moja inshallah. Huku pleya za zamani ni bei rahisi, nimeona moja ya mkanda ya miaka ya 60 iko safi kabisa nataka kuja nayo badala ya hii yangu. Nikinunua transfoma ya kushusha umeme si inatosha? — Msomaji, Marekani*

Haitoshi, na nashukuru umeuliza kabla hujanunua.

Transfoma inabadili volti, 240 zetu zinakuwa 120 za Marekani, sawa. Kitu isichokigusa ni hertzi. Marekani umeme unapigwa mara 60 kwa sekunde, Kenya 50. Pleya nyingi za zamani zina mota ya AC ambayo spidi yake inafuata hizo hertzi, ndo saa yake. Ikija Mombasa itazunguka kwa tano ya sita: badala ya 33 na theluthi utapata karibu 27.8. Kila mwimbaji atakuwa na sauti nzito na mapigo ya kuburuza, na fundi atakuuzia mkanda, kisha mota, kisha mkanda mwingine, hataona kosa kwa sababu hakuna kilichoharibika. Dawa ipo, ni puli ya mota ya 50 hertzi yenye kipenyo kikubwa zaidi, kwa baadhi ya modeli zilizouzwa pia Ulaya inapatikana. Kama unaipata puli kabla hujapanda ndege, chukua pleya. Kama huipati, iache.

Njia rahisi ni ya aina mbili. Pleya za kisasa zenye adapta ndogo ukutani kama ya simu, hizo nyingi unabadili adapta tu, soma imeandikwa nini, nyingi zinakubali 100 mpaka 240. Au zile za sinia kuendeshwa moja kwa moja na mota bila mkanda zenye kioo cha kwatsi kinachosimamia spidi, hizo hertzi haziwahusu, zinataka volti sahihi tu.

Hiyo uliyonayo sasa hujaniambia ni ipi. Geuza uangalie chini, kama imeandikwa 120V 60Hz na waya wa ukutani unaingia ndani moja kwa moja na ina mkanda, nayo huenda ina ugonjwa uleule.

*

*Mambo vipi. Nina Technics SL-1200MK2 mbili za disko la zamani la mjomba hapa Dar, moja natumia nyumbani. Jamaa ananishawishi niuze zote mbili nichukue Rega moja mpya kwamba sauti ya nyumbani ni tofauti. Ushauri? — Msomaji, Dar es Salaam*

Poa. Uza moja ukitaka, ila moja baki nayo.

Rega wanatengeneza pleya safi sana Uingereza, nyepesi, za mkanda, na jamaa hajakosea kwamba zinalia vizuri sebuleni. Ila tofauti kubwa utakayoisikia si mashine, ni katriji. Nina uhakika hizo zako bado zina katriji za disko, zile za gramu 3 au 4 zilizotengenezwa zisiruke dijei akirudisha santuri nyuma. Nunua kichwa cha ziada, kile kinachofungwa kwa mviringo kwenye mkono, kifungie katriji ya nyumbani ya gramu 2, kisha sikiliza kabla ya kuuza chochote. MK2 ilianza 1979, uzalishaji wa SL-1200 ukasimamishwa 2010, watu wakaidai mpaka Technics wakairudisha 2016, si kitu cha kuuza kwa kuambiwa.

Badili waya za kutolea sauti kama zinakatakata, pulizia ile slaidi ya pichi, ya kupandisha na kushusha spidi, dawa ya kusafishia kontakti, tone moja la oili kwenye mhimili. Na angalia nyuma imeandikwa volti ngapi! Zinazokuja za mtumba kutoka Japani ni za volti 100, ukichomeka kwenye 230 za TANESCO unapoteza transfoma siku hiyohiyo. Kama za mjomba zilikuwa na kiboksi kizito kwenye waya, hicho ndo kilikuwa kinaziokoa, usikitenganishe nazo.

*

*Assalaam alaykum. Mimi ni mama mtu mzima, Unguja. Mwanangu kaniletea pleya kutoka Muscat, Audio-Technica AT-LP120X, nzuri mno kwa LP. Lakini nna sahani za taarab za bibi yangu, zile nzito za kuvunjika. Nikizipiga zinakoroma kama mvua ya mabati, sauti naisikia kwa mbali. Watu wananambia pleya hii haifai, ninunue gramafoni la mpini ndilo la sahani hizo. Tena nataka kuzisafisha, mtu kanipa spiriti. — Msomaji, Zanzibar*

Waalaykum salaam mama, na shikamoo. Kwanza hiyo spiriti irudishe ilikotoka, au itumie kwa kitu kingine. LP za plastiki zinaivumilia, lakini sahani hizo zimetengenezwa kwa utomvu wa mdudu unaoitwa shelaki uliochanganywa na unga wa mawe, na shelaki inayeyuka kwenye spiriti. Ukipaka utaona weusi unatoka ukadhani ni uchafu, kumbe ni sahani yenyewe na sauti yake.

Gramafoni la mpini nalo hapana. Kichwa chake kinalala juu ya sahani kwa zaidi ya gramu 100 na sindano yake ni ya chuma, zamani walikuwa wakiibadilisha kila upande. Zilitengenezwa kwa hayo, ni kweli, ila hizi zako zimeshachoka na hakuna nyingine. Siti binti Saad na wenzake walipokwenda Bombay 1928 kurekodi kwa kampuni ya santuri ya HMV sauti zao zilitoka kwenye sahani za namna hiyo, na mpaka leo kuna nyimbo za wakati ule ambazo zimebaki kwenye sahani chache tu majumbani mwa watu. Hamna anayejua mama yangu ndani ya sanduku lako kuna nini, kwahiyo tunazishika kwa adabu.

Pleya yako inafaa na wala huhitaji kununua nyingine. Ina spidi ya 78, wengi hawana. Tatizo ni sindano. Mfereji wa sahani za zamani ni mpana mara kadhaa kuliko wa LP, na sindano ya LP ni nyembamba mno, inadondoka mpaka chini kabisa kwenye vumbi na mikwaruzo ya miaka 80, haigusi kuta ambako wimbo umechongwa. Ndio maana unasikia mvua, na mwimbaji yuko mbali. AT-LP120X inakuja na katriji ya AT-VM95E, na kwenye familia hiyo kuna sindano ya sahani za 78, muulize mwanao aagize VMN95SP. Inachomolewa na kuchomekwa kwa vidole, dakika moja, ukitaka LP unarudisha ile ya mwanzo. Hakikisha tu hamchanganyi, ile nene ikienda kwenye LP inaharibu. Hiyo inataka uzito mkubwa zaidi, karibu gramu 5, na namba zilizochorwa kwenye uzito wa nyuma haziendi mbali hivyo, kwahiyo apime kwa kimizani cha dhahabu, mjini sonara hawakosekani.

Kusafisha tumia maji yaliyokenekwa (distilled) ya chupa, yale ya kuongezea betri yasiyo na asidi hata chembe, soma chupa vizuri, na tone moja la sabuni ya vyombo. Kitambaa laini, fuata mduara, karatasi ya katikati isilowe, suuza haraka na kausha hapohapo. Usiloweke. Ukiona ukungu, na kwa hewa ya Unguja utauona, futa kwanza ukavu nje ya nyumba huku umefunika pua.

Ukishapata sindano, kabla ya kuanza kuzisikiliza kwa raha zako, zirekodi. Pleya yako ikiwa ni ile ya USB inaingia kwenye kompyuta moja kwa moja, na programu ya Audacity ni bure. Mwambie mwanao aunganishe kushoto na kulia ziwe mono, makelele yanapungua papohapo kwa sababu sahani hizo hazikuwa na stirio, na asiogope sauti ikiwa kali au nzito kupita kiasi, sahani hizo ni za kabla ya kile kipimo cha RIAA, atazungusha besi na treboo mpaka mwimbaji asikike kama mtu. Spidi nayo, si kila sahani ya zamani ni 78 kamili, nyingine ziko juu au chini kidogo, pleya yako ina ile slaidi ya pichi, na hapo sikio lako wewe uliyezisikia kwa bibi ndilo linaamua, si la mwanao.

Zihifadhi zimesimama wima, zisilaliane, kila moja kwenye karatasi yake, mbali na ukuta unaopata unyevu. Ile yenye ufa usiipige kabisa, iweke pembeni, tuandikie namba iliyochongwa kwenye nafasi tupu karibu na karatasi ya katikati na jina la kampuni, tutakuambia kama tunajua nakala nyingine iliko.